Ajali za Melini na Mafunzo Yake: Maswali Ambayo Mabaharia Huuliza Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wanaofanya kazi melini: kwenye meli za makontena, za mafuta, za shehena mchanganyiko, tagi na meli za uvuvi, pamoja na wale walioko vyuoni Dar es Salaam na Mombasa wakisubiri safari ya kwanza. Maswali mengine yana majibu marefu, mengine mistari michache inatosha.

Meli yetu ina miaka mingi bila ajali. Ya wengine yanatuhusu nini?

Uzoefu wa meli moja ni mdogo mno. Mtu anaweza kuingia kwenye chumba cha mnyororo wa nanga safari baada ya safari, akatoka salama, akaamini kwamba chumba kile hakina neno. Lakini hewa ya ndani hubadilika, kutegemea mlango umefungwa kwa muda gani, kutu imeenea kiasi gani, na shehena gani iko upande wa pili wa ukuta. Anayelijua hilo kwa kulipitia mwenyewe, mara nyingi hatoki kulisimulia.

Ripoti ya ajali inamtafuta mwenye kosa?

Haitakiwi kumtafuta. Mwaka 2008 Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilipitisha kanuni ya uchunguzi wa ajali za baharini, nayo ikaanza kutumika 1 Januari 2010. Kanuni hiyo inaitaka nchi ya bendera, yaani ile ambako meli imesajiliwa, ihakikishe kuwa kila ajali kubwa kabisa inachunguzwa, yaani iliyoua mtu, iliyopoteza meli, au iliyoharibu vibaya mazingira. Lengo lililoandikwa humo ni kuzuia ajali nyingine. Kugawa lawama si kazi ya wachunguzi hao.

Polisi, mahakama na watu wa bima nao huja na uchunguzi wao, na hao wanatafuta kosa. Kwa hiyo ukiitwa kuhojiwa, uliza kwanza anayekuhoji ametoka ofisi gani na maelezo yako yatatumika wapi. Kanuni hiyo inakupa haki ya kuelezwa hivyo na kupata ushauri wa kisheria. Mabaharia wengi wanaona aibu kuuliza. Uliza.

Lakini si kweli kwamba ajali nyingi ni uzembe tu?

Likishatamkwa neno hilo, watu huacha kuuliza. Chukua Herald of Free Enterprise, feri ya magari iliyotoka Zeebrugge, Ubelgiji, jioni ya 6 Machi 1987, milango yake ya mbele ikiwa wazi. Maji yaliingia sitaha ya magari, meli ikalala ubavu baada ya muda mfupi, watu 193 wakafa. Msaidizi wa serahangi (mkuu wa mabaharia wa sitahani), ambaye kazi yake ilikuwa kufunga milango hiyo, alikuwa amelala chumbani kwake. Msomaji mwenye haraka anaishia hapo: alilala, basi.

Uchunguzi ulioongozwa na Jaji Sheen haukuishia hapo. Serahangi aliiona milango iko wazi, ila kuifunga hakukuhesabiwa kuwa kazi yake. Ofisa aliyepaswa kuhakikisha imefungwa alitakiwa pia awe chumba cha usukani wakati wa kuondoka, na mtu hawezi kuwa sehemu mbili. Nahodha hakuwa na taa wala kifaa chochote cha kumwonyesha hali ya milango. Utaratibu ulikuwa kwamba asipoambiwa kuna tatizo, ahesabu mambo yako sawa. Manahodha wa kampuni hiyo walikwishaomba taa za kuonyesha kama milango imefungwa, na ofisini ombi lao likachukuliwa kwa mzaha.

Ukimfukuza aliyelala, kesho atalala mwingine. Ukiweka taa, nahodha ataona. Baada ya ajali hiyo Uingereza iliunda ofisi huru ya kuchunguza ajali za baharini, MAIB, mwaka 1989, na IMO ikatoa kanuni ya usimamizi wa usalama, ISM, iliyokuwa lazima kwa meli za abiria, za mafuta na za shehena ya wingi kuanzia 1 Julai 1998, kisha kwa meli nyingine za shehena mwaka 2002. Yale majalada ya usalama yanayomlemea ofisa mkuu wako, chimbuko lake liko hapo. Kuyajaza bila kutazama kinachofanyika sitahani ni kurudi kwenye utaratibu uleule wa nahodha wa Zeebrugge.

Ripoti moja ina kurasa nyingi. Nisomeje?

Ruka muhtasari, anza na masimulizi ya tukio. Muhtasari unakuambia marehemu alikosea wapi kabla hujajua alikuwa anafanya nini, na ukishaujua mwisho, kila hatua yake utaiona ya kijinga. Soma hadi karibu na tukio, simama, jiulize: kwa yale aliyoyajua mtu huyu wakati ule, mimi ningefanya nini? Jibu likija haraka kwamba "mimi nisingeingia," rudi ukasome tena. Karibu kila mara kuna jambo lililokifanya kitendo kile kionekane cha kawaida: kelele inayowanyima watu usingizi, rubani wa bandari anayesubiri, kipima hewa kilichofungiwa kabatini, au kazi ambayo siku zote hufanywa hivyohivyo.

Kisha shuka sitahani na ripoti mkononi, utafute kwenye meli yako kitu kinachofanana na kile. Ukirudi na neno "tuwe waangalifu" peke yake, hujasoma. Ukirudi na "mlango wa ghala la mbele hauna alama ya hatari, na ghala liko ukuta mmoja na ngama ya shehena," hapo umesoma.

Tukianza na ajali za aina moja, ziwe zipi?

Za vyumba vilivyofungwa: matangi, ngama (vyumba vya chini vya shehena), chumba cha mnyororo, maghala ya mbele. Huko watu hufa kimya, tena mara nyingi zaidi ya mmoja.

Tarehe 23 Septemba 2007 meli Viking Islay ilikuwa Bahari ya Kaskazini, karibu na pwani ya mashariki ya Uingereza. Ilikuwa meli ya uokoaji, imekaa karibu na mitambo ya gesi ili kuwaopoa watu yakitokea maafa. Mnyororo wa nanga ulikuwa ukigonga ndani ya chumba chake na kuwasumbua watu. Mabaharia wawili wakaenda kuufunga usigonge. Mmoja akashuka, akaanguka. Mwenzake akamfuata, naye akaanguka. Wa tatu akaja na mtungi wa hewa mgongoni, tundu la kuingilia likawa dogo kwake. Akauvua, akavaa kile kifaa kidogo chenye kofia ya plastiki kilichotengenezwa kwa ajili ya kukimbia moshi, akashuka nacho. Hakutoka. Watatu wote walikufa.

Hakukuwa na sumu mle. Chuma kikipata kutu hula oksijeni, na mnyororo mkubwa wenye unyevu ndani ya chumba kisichopitisha hewa unaila hadi isibaki ya kumtosha mtu. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21. Ikishuka chini ya asilimia 10, mtu huzimia bila hata kuhisi kwamba anakosa pumzi, kwa sababu kinachotufanya tuhisi kubanwa ni kaboni dioksidi inapozidi mwilini, na upungufu wa oksijeni peke yake hauna kengele. Hauna harufu wala rangi. Kushusha taa, kunusa, kuingia haraka na kutoka haraka, yote hayo hayakuambii kitu.

Hawa walikuwa watu wa uokoaji, kazi yao ni kuokoa. Nawataja hao kabla ya wengine kwa makusudi, kwa kuwa wapo wanaodhani vifo hivi ni vya wasio na mafunzo.

Ni mnyororo tu, au na shehena?

Na shehena, sana. Makaa ya mawe, magogo na mbao, vyuma chakavu, nafaka, hata mbata tunazozifahamu vizuri pwani, zote hula oksijeni. Januari 2008 mabaharia wawili wa Sava Lake, iliyobeba mabaki ya chuma cha kiwandani, walifia ghala la mbele, mahali ambapo hakuna aliyepahesabu kuwa ngama. Hewa mbaya ilikuwa imepenya kutoka kwenye shehena. Juni mwaka huohuo, kwenye meli ya abiria Saga Rose bandarini Southampton, baharia alikufa ndani ya tangi la balasti, la maji ya kuisawazisha meli, alipokwenda kuangalia maji yaliyomo. Mei 2014 watatu wakafa kwenye Suntis, bandari ya Goole, kwenye njia ya kushukia ngama yenye mbao.

Tazama jinsi kazi zenyewe zilivyo ndogo: kufunga mnyororo, kwenda ghalani, kuangalia maji. Hakuna hata moja ambayo serahangi angeiita kazi kubwa ya kuhitaji kikao. Ningeshauri kibali cha kuingia kifuate mlango: ukifungua mlango huu, kibali kinahitajika, hata kama unaingia kuokota tochi.

Kwa nini mwokoaji naye hufa, tena mara nyingi?

Kwa sababu anampenda mwenzake na hana subira. Huku kwetu habari za kisima au shimo la choo lililoua ndugu wawili watatu wakifuatana si ngeni, na sababu ni ileile.

Baharia aliyeko mlangoni apewe kazi moja tu, naye aijue kabla mwenzake hajaingia: kupiga kengele na kubaki nje. Mitungi ya hewa, kamba na kifaa cha kumvuta mtu viwe mlangoni tayari, na vijaribiwe kama vinapita tundu lile. Tangu 1 Januari 2015 sheria za SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, zinataka zoezi la kuingia na kuokoa kwenye vyumba vilivyofungwa lifanyike kila baada ya miezi miwili, na tangu Julai 2016 meli iwe na kipima hewa chake. Zoezi linalofanywa mahali papana pa sitaha, penye upepo na kivuli, halikufundishi chochote kuhusu tundu. Fanyeni kwenye tundu jembamba kuliko yote mliyo nayo. Mtashangaa.

Wakati wa kufunga meli gatini, nisimame wapi?

Mbali na kamba iliyovutwa, na sehemu ambayo haiko kwenye mstari wake wala kwenye pembe inapokunjia. Ila hilo nalo halitoshi, na Zarga ndiyo iliyoonyesha. Tarehe 2 Machi 2015 meli hii kubwa ya gesi ilikuwa ikifungwa Milford Haven, Wales. Kamba ikakatika, ikarudi kwa kasi na kumpiga ofisa aliyekuwa akisimamia kazi, akaumia vibaya kichwani. Kamba yenyewe ilikuwa ya nyuzi za kisasa ambazo wengi waliamini hazirudi zikikatika. Zenyewe hazinyumbuki sana, lakini kila kamba ilikuwa imeungwa mkia wa mita 22 wenye kunyumbuka, na mkia huo ndio uliohifadhi nguvu iliyoirusha.

Baada ya hapo mwongozo wa Uingereza uliacha kuhimiza kuchora maeneo ya hatari kwa rangi sitahani. Rangi ilikuwa ikiwaambia watu kwamba nje ya mstari ni salama. Sitaha nzima ya kufungia ihesabiwe kuwa hatari kamba zikiwa na mzigo.

Ni kweli mazoezi ya mashua za kuokolea huua watu?

Kweli, na ndiyo maana baharia mwenye akili huyaogopa. Februari 2013 kwenye Thomson Majesty, bandarini Santa Cruz de La Palma, mashua ilikuwa ikipandishwa baada ya zoezi. Waya ukakatika, mashua ikaanguka majini chini juu, mabaharia watano wakafa. Waya ulikuwa umeliwa na kutu mahali ambapo grisi haikuwa ikifika.

Miaka mingi tatizo jingine lilikuwa ndoano zinazoachia mashua ikiwa bado hewani. IMO ikatoa masharti mapya, na meli zenye ndoano zisizofaa zikapewa hadi 1 Julai 2019 kuzibadilisha. Kwenye meli yako uliza mambo mawili: ndoano zetu zimethibitishwa, na nani aliutazama waya sehemu ile isiyoonekana ukiwa umesimama sitahani? Jambo la tatu ni kupunguza idadi ya watu ndani mashua inaposhushwa kwa majaribio. Mashua inaweza kujaribiwa ikiwa tupu.

Usingizi unahusika kiasi gani?

Kuliko tunavyokubali. Mkataba wa kazi za baharini, MLC, unataka mapumziko yasiyopungua saa 10 kwa kila saa 24 na saa 77 kwa wiki, yasigawanywe zaidi ya mafungu mawili, na fungu moja liwe la saa 6 au zaidi. Kwenye karatasi karibu kila meli inatimiza. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bahari Duniani, Malmö, walieleza jinsi rekodi hizo zinavyorekebishwa ili zipendeze wakaguzi.

Machi 2013 meli ndogo ya shehena, Danio, ilipanda mwamba kwenye visiwa vya Farne, Uingereza. Ofisa wa zamu alikuwa peke yake, usiku, amelala. Mlinzi wa kutazama bahari hakuwepo, na kengele ya kumwamsha ofisa ilikuwa imezimwa. Kengele hiyo huzimwa kwa sababu inakera, na inakera kwa sababu inafanya kazi yake. Ofisa akikuambia uizime ili upumzike masikio, ujue ajali hii imeshatokea mara nyingi, na imechunguzwa, na kila mara jibu ni lilelile.

Nikiona hatari na nahodha hasikii?

Hili ndilo gumu kuliko yote hapa. El Faro, meli ya Marekani, ilitoka Jacksonville kwenda San Juan, Puerto Rico, na tarehe 1 Oktoba 2015 ikazama ndani ya kimbunga Joaquin na watu wote 33. Kinasa mazungumzo kiliopolewa Agosti mwaka uliofuata kutoka chini ya bahari, karibu mita 4,600. Kilikuwa na takriban saa 26 za sauti, na humo maofisa wa zamu wanasikika usiku wakiiona dhoruba kwenye taarifa mpya zaidi, wakimpigia nahodha simu, wakipendekeza njia nyingine. Nahodha alikuwa akitegemea ramani za hali ya hewa zilizochelewa kwa saa nyingi. Akabaki na uamuzi wake. Maofisa walisema, lakini walisema kwa upole, kama anayependekeza, kisha wakatii.

Wapwani tumelelewa kumheshimu mkubwa, na melini heshima hiyo huongezeka. Kwa hiyo jizoeze namna ya kusema ambayo haimvunjii heshima na haimwachii nafasi ya kutoelewa: "Nahodha, kwa taarifa ya saa nane usiku, tukishika njia hii tutakutana na jicho la kimbunga. Naomba upande juu uione mwenyewe sasa." Taja kitu, taja saa, omba kitendo. Nahodha mwerevu naye angeanza safari kwa kutangaza ni mambo gani anataka aamshwe kwa ajili yake, na asimkunjie uso wa kwanza atakayemwamsha bure.

Nikiripoti nusura ajali, sitanyimwa mkataba unaofuata?

Hofu hiyo ina msingi. Wapo wakala wa ajira wasiompenda anayeandika sana. Ndani ya kampuni yenye utaratibu wa kweli, toa ripoti kwa mtu wa nchi kavu ambaye ISM inataka awepo, anayewasiliana moja kwa moja na wakubwa wa kampuni. Jina na simu yake vinapaswa kubandikwa melini. Ukiwa huna imani naye, kuna CHIRP ya Uingereza na MARS ya Nautical Institute, ambazo hupokea habari kwa siri, huondoa majina ya mtu na meli, kisha huchapisha funzo. Eleza tukio, usimshitaki mtu. Na usitume picha inayoonyesha jina la meli kwenye makundi ya WhatsApp, maana huko siri haipo.

Haya yanawahusu watu wa majahazi na boti za ziwani?

Kimaumbile yanawahusu, kisheria mara nyingi hapana. SOLAS kwa sehemu kubwa haiigusi meli ya shehena iliyo chini ya tani 500, na MLC inaviacha nje vyombo vya jadi, jahazi likiwa limetajwa kwa jina. Mtu wa jahazi hatachunguziwa ajali yake kwa kanuni za IMO, kwa hiyo ana haja zaidi ya kujifunza za wengine.

Somo moja limetoka ziwani kwetu. MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza Mei 1996, ilielea kwa muda chini juu. Ikatobolewa ili kuwatoa waliokuwa ndani. Hewa iliyokuwa ikiibeba ikatoka, ikazama. Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara, mpiga mbizi aliingia kwa chini, na siku mbili baada ya ajali fundi wa injini akatolewa hai kwenye hewa iliyonaswa. Anayemiliki boti na mtarimbo aijue tofauti hiyo kabla ya siku ya kuihitaji.

Nina dakika kumi tu za kikao cha usalama. Nifanye nini nazo?

Ajali moja. Simulia hadi kabla ya tukio, unyamaze, uwaulize wapishi na mafundi wangefanya nini, siyo maofisa peke yao. Kisha someni kilichotokea, nendeni mkatazame kifaa au mlango unaofanana nacho. Andika jambo moja la kurekebisha, na jina la atakayelirekebisha. Karatasi ya kusaini mahudhurio ije mwisho, au isije kabisa.

Ripoti zinapatikana wapi, na kuna za Kiswahili?

Za bure zipo kwenye tovuti za ofisi za uchunguzi wa ajali: MAIB ya Uingereza, NTSB ya Marekani, ATSB ya Australia, TSIB ya Singapore na nyinginezo. IMO ina hazina yake iitwayo GISIS, unajisajili bila malipo. MAIB pia hutoa mara mbili kwa mwaka kijitabu cha visa vifupi, na hicho ndicho ningempa anayeanza. Nyingi ni kwa Kiingereza. Mwenye lugha zote mbili melini atafsiri ukurasa mmoja wa masimulizi, aubandike karibu na chumba cha kulia. Majina ya waliokufa ayaache. "Fundi wa pili" inatosha, na huenda ndugu yake yuko kwenye meli hiyohiyo.